Vitate vya Kiingereza na Sikio la Ntimaru: Utangulizi

Kila ninapopata nafasi ya kusimama mbele ya darasa huku Ntimaru, huanza na imla ya maneno manne tu. Nayasema polepole, kwa matamshi ya kamusi za Uingereza: "hat", "hut", "heart", "hurt". Kofia, kibanda, moyo, kuumiza. Watoto huinama wakaandika, kisha vichwa huinuka kwa mashaka. Nikipita kati ya madawati nakuta daftari baada ya daftari limeandikwa "hat" mara nne. Wachache wanaobahatisha huweka herufi ya ziada hapa na pale, ili mistari isifanane.

Baadaye kibao hugeuka. Namwomba mtoto mmoja atamke kwa Kikuria maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu "e" peke yake: moja ina ile "e" ya mdomo uliobana kidogo, nyingine ina ile ya mdomo uliofunguka. Mwalimu mgeni aliyelelewa Pwani kwa Kiswahili kitupu husikia neno moja. Darasa zima husikia mawili, na hushangaa kwamba mtu mzima, tena aliyesoma, anapitwa na jambo lililo wazi kama mchana.

Nimeanza na majaribio hayo mawili kwa sababu somo zima ninalotaka kukujulisha limo ndani yake. Sikio la binadamu halikosi kusikia kwa uzembe. Limefunzwa na lugha ya nyumbani nini cha kutenganisha na nini cha kuunganisha, na mafunzo hayo yanalifuata hadi darasani, hadi mahojiano ya kazi, hadi kwenye simu. Anayetaka kuelewa kwa nini maneno fulani ya Kiingereza humchanganya, sharti aanze na ramani ya sauti aliyoipata mgongoni mwa mama yake.

Katika shule za Kenya maneno ya aina hii tunayaita vitate, nayo hufundishwa pamoja na ndugu zake wawili: visawe, yaani maneno tofauti yenye maana moja, na vitawe, yaani neno moja lenye maana nyingi. Kitate ni neno linalokaribiana na jingine kwa sauti, huku maana zikiwa mbali. Kiswahili kinavyo tele. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula na kunywa. Mahali ni pa kukaa, mahari ni ng'ombe wanaopelekwa kwa wakwe. Kula ni chakula, kura ni kisanduku. Mtoto wa Kikuria akiandika katika insha kwamba amepoteza karamu yake, mwalimu hucheka na kutia alama nyekundu. Wachache huuliza kosa hilo limetoka wapi. Taaluma ninayoitambulisha hapa inaanzia kwenye swali hilo.

Ntimaru ni mji mdogo wa Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania. Wenyeji wengi ni Abairege, na ukoo wao una watu pande zote mbili, kwa maana mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 uliwapita Wakuria katikati. Kwa mwanafunzi wa lugha, eneo hili ni hazina. Nyumbani ni Kikuria. Sokoni ni Kiswahili. Darasani, kuanzia gredi ya 4, Kiingereza ndicho kinachotawala. Ukielekea mji wa Migori na kuendelea hadi Homa Bay unaingia katika Dholuo, lugha ya Wajaluo. Ukipanda kaskazini unakutana na Ekegusii, lugha ambayo "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Ukivuka mpaka kwenda Tarime, ndugu yule yule wa ukoo anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha kufundishia akiwa sekondari. Watoto hawa wote wataulizwa siku moja tofauti ya "live" na "leave". Kila mmoja atalijibu swali hilo akitoka katika lugha yake.

Wataalamu walianza zamani kutafuta mfano wa kulieleza jambo hili. Nikolai Trubetzkoy, mwanaisimu wa Kirusi aliyefundisha Vienna, katika kitabu chake cha misingi ya fonolojia kilichotoka mwaka 1939, alisema mfumo wa sauti wa lugha mama ni kama chekeche. Kila tunachosikia hupita humo kwanza. Matundu ya chekeche yana ukubwa wake, na sauti ngeni isiyo na tundu lake hupitia tundu lililo karibu. Mama anayechekecha unga wa wimbi huku kwetu angeuelewa mfano huo bila kufafanuliwa: chekeche halina kosa, limefumwa kwa ajili ya unga fulani.

Je, chekeche hilo hufumwa lini? Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Kanada, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wachanga waliolelewa kwa Kiingereza. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waliweza kutofautisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa asili wa Kanada, sauti ambazo watu wazima wasemaji wa Kiingereza hupata shida kuzitofautisha. Kufikia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Kwa maneno mengine, mtoto huja duniani akiwa tayari kwa lugha yoyote, kisha ndani ya mwaka mmoja huchagua watu wake. Mtoto wa Ntimaru aliyeandika "hat" mara nne alifanya uchaguzi wake kabla hajajua kutembea vizuri.

Sasa tuingie katika maneno yenyewe. Vitate vya Kiingereza vinavyomsumbua msomaji wa huku ni vingi, lakini si kundi moja. Mimi huvigawa katika koo tatu, na ushauri wangu mkubwa kwa mwanafunzi ni huu: usijaribu kutibu kosa kabla hujajua ni la ukoo gani.

Ukoo wa kwanza ni wa maneno ambayo Waingereza wenyewe huyatamka kwa sauti moja. "Their" na "there", "night" na "knight", "write" na "right", "meat" na "meet", "sea" na "see". Hapa sikio halina la kufanya. Hata mtu aliyezaliwa London hukosea akiandika, na Mkuria aliyesoma vizuri humsahihisha. Kiini cha tatizo ni historia ya tahajia.

William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji nchini Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476. Uchapaji ulianza kuzigandisha tahajia za maneno. Lakini matamshi yalikuwa safarini. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama, moja ikiisukuma nyingine juu kinywani. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliyapa mabadiliko hayo jina la Mhamo Mkuu wa Irabu mwanzoni mwa karne ya 20. Konsonanti nazo zilipukutika: "k" ya "knight" ilitamkwa zamani, na "w" ya "write", na "gh" ya "night" ilikuwa mkwaruzo wa kooni. Sauti zilikufa, herufi zikabaki kama mawe ya boma lililohamwa.

Na hapa kuna jambo ambalo nataka kila mtoto wa Kuria alijue. Katika Kiingereza cha London cha wakati wa mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, irabu ndefu sahili zilikuwa saba. Kulikuwa na "e" ya kubana na "e" ya kufunguka, "o" ya kubana na "o" ya kufunguka, pamoja na "i", "a" na "u". Kikuria kina irabu saba, na mpangilio wake ni ule ule: "e" mbili, "o" mbili, "i", "a" na "u", tena Kikuria hutenganisha irabu fupi na irabu ndefu. Wakati huo "meet", kukutana, ilikuwa na "e" ya kubana, na "meat", nyama, ilikuwa na "e" ya kufunguka. "Boot", kiatu, na "boat", mashua, zilitengana kwa "o" mbili. Tahajia za "ee" na "ea", za "oo" na "oa", zilikuja kuhifadhi tofauti hizo. Basi Mwingereza wa leo akitamka "meat" na "meet" kwa sauti moja huku akiziandika mbali mbali, anaandika tofauti ambayo sikio lake limeipoteza. Bibi wa Ntimaru asiyejua neno la Kiingereza angeisikia tofauti hiyo papo hapo, kama angeletewa msemaji wa karne ya 14.

Dawa ya ukoo huu ni macho na hadithi ya neno. Chukua mfano ulio barabarani. Katika miji yetu, Ntimaru ikiwemo, mabango ya maduka ya vifaa vya kuandikia huandikwa kwa "a" mahali pa "e", na duka likajikuta linatangaza kwamba limesimama tu halisogei. "Stationery" ni karatasi na kalamu. "Stationary" ni kilichotulia mahali pamoja. Lakini maneno hayo ni ya tumbo moja. Katika Ulaya ya zama za kati wachuuzi wengi walitembeza bidhaa, na muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu alijulikana kwa jina lililotokana na kule kutulia kwake. Bidhaa zake zikarithi jina. Anayeijua hadithi hiyo akikumbuka pia kwamba muuzaji mwenyewe huitwa "stationer", kwa "e", hatakosea bango tena. Vivyo hivyo "flour", unga, na "flower", ua, zilikuwa neno moja lililotoka Kifaransa: unga mzuri ulikuwa ua la nafaka, sehemu yake iliyo bora. Tahajia mbili zilikuja kuachana baadaye.

Ukoo wa pili ndio wenye utajiri zaidi kwetu, na ndio ulionifanya niipende taaluma hii. Ni maneno ambayo Mwingereza huyasikia mbali mbali bila shida, lakini chekeche letu linayapitisha katika tundu moja. Hesabu yenyewe inaeleza. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kamusi za Uingereza, kwa hesabu ya kawaida ya vitabu vya fonetiki, kina irabu ishirini: kumi na mbili sahili na nane za kuteleza. Ishirini zikimiminwa katika tano, lazima zirundikane. Ndiyo maana katika Kiingereza cha Wakenya, ambacho Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi amekiandikia kitabu kizima, "cat", "cut" na "cart" huangukia "a" moja, na "first" hukaribia sana "fast". Anayesema amemaliza wa kwanza na anayesema amemaliza haraka wanaeleweka kwa muktadha tu.

Lakini mrundikano si sawa kwa kila mtu, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule vinapotupotosha, kwa kumchukulia kila Mkenya kama mwenye sikio lile lile. Mtoto wa Kijaluo wa Homa Bay ana irabu tisa katika Dholuo, ingawa maandishi ya lugha hiyo hutumia herufi tano tu. Miongoni mwa hizo tisa kuna "i" mbili: moja ya kukaza, nyingine ya kulegeza. Tofauti hiyo inakaribiana sana na ile ya "seat", kiti, na "sit", kaa. Mtoto huyu anaambiwa tangu utotoni kwamba hawezi "sh", kwa sababu Dholuo haina sauti hiyo wala "z", na watu humtania. Hakuna anayemwambia kwamba katika irabu za Kiingereza amemtangulia mwalimu wake. Akionyeshwa kwamba "i" mbili za mama yake zinaweza kumfaa darasani, safari yake inakuwa fupi.

Mtoto wa Kikuria naye ana mali yake. "E" mbili za Kikuria zinamsogeza karibu na tofauti ya "pen" na "pain", "get" na "gate". "O" mbili zinamsogeza karibu na "caught" na "coat". Na kwa kuwa Kikuria hutofautisha urefu wa irabu, akielekezwa hatapata ugumu wa kusikia kwamba "feet" inavutwa kuliko "fit". Mwenye Kiswahili peke yake hana ngazi hizo. Yeye anazo nyingine. Ana "th" na "dh" zilizoletwa na Kiarabu, na anayeweza kusema thelathini na dhahabu kwa usahihi tayari anaweza "think" na "this", bila somo la ziada.

Upande wa konsonanti, kisa cha Wakuria ni "r" na "l". Kikuria kina sauti moja tu mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza vina mbili. Kwa hiyo "rice" na "lice", wali na chawa; "pray" na "play", kusali na kucheza; "road" na "load", barabara na mzigo, hupitia tundu moja, kama kalamu na karamu zilivyopitia. Si Wakuria peke yao. Wajapani wako katika hali hiyo hiyo, na kwa kuwa Japani ina maabara nyingi na biashara nyingi na Marekani, tatizo lao limechunguzwa kwa miongo kadhaa. Matokeo yake yanatia moyo. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni walionyesha kwamba Wajapani watu wazima, wakisikilizishwa jozi za "r" na "l" kutoka kwa wasemaji mbalimbali na katika nafasi mbalimbali za neno, huku wakiambiwa kila mara kama wamepata au wamekosa, masikio yao huboreka. Siri ilikuwa katika wingi wa sauti. Sauti ya mwalimu mmoja haitoshi. Sikio linahitaji wanawake, wanaume, vijana na wazee. Chekeche linaweza kuongezwa tundu hata ukubwani, kwa kazi ya subira.

Ukoo wa tatu ni wa maneno yanayofanana sauti na umbo kwa pamoja, mara nyingi kwa sababu yametoka shina moja la Kilatini. "Affect" na "effect", "accept" na "except", "principal" na "principle", "advice" na "advise", "lose" na "loose". Hapa wenyeji na wageni hukosea pamoja, na dawa yake ni sarufi. Chukua "advice" na "advise". La kwanza ni nomino, ushauri, nalo huishia kwa sauti ya "s". La pili ni kitenzi, kushauri, nalo huishia kwa sauti ya "z", japo limeandikwa kwa "s". Msemaji wa Kiswahili anatenganisha sana na zana, saa na zaa, bila kufikiri. Basi ajiwekee kanuni moja: tendo lina "z" ya kinywani. Hiyo hiyo itambeba katika "lose", kupoteza, ambayo ni kitenzi chenye "z", na "loose", iliyolegea, ambayo ni kivumishi chenye "s".

Huenda msomaji anajiuliza kama haya yote si mambo ya mtihani tu. Nitamjibu kwa visa viwili.

Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya Flying Tiger, iliyotoka Singapore, ilikuwa ikijiandaa kutua Kuala Lumpur. Mwongoza ndege aliiruhusu kushuka hadi futi 2,400, akazitaja tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Kwa Kiingereza "two", yaani mbili, na "to", yaani hadi, hutamkwa sawa. Rubani alisikia ruhusa ya kushuka hadi futi 400, na akaijibu hivyo. Ndege iligonga mlima, na watu wote wanne waliokuwamo wakafariki. Kulikuwa na makosa mengine katika safari ile, lakini kitate cha ukoo wa kwanza, cha silabi moja, kilikuwa katikati ya msiba.

Kisa cha pili ni cha kale. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi waliteka vivuko vya Yordani na kumwamuru kila aliyetaka kuvuka atamke neno Shibolethi. Waefraimu hawakuwa na "sh" katika matamshi yao, walisema Sibolethi. Biblia inasema waliouawa walikuwa 42,000. Sauti moja, ile ile anayochekwa kwayo mtoto wa Kijaluo, ilifanywa kuwa mpaka kati ya uhai na kifo. Sisi tunaoishi mpakani, na tuliowahi kuona watu wa Kenya wakibaguana kwa lafudhi wakati wa siasa kali, hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Kumcheka mtu kwa matamshi yake ni kusimama kwenye kivuko kile.

Tukirudi angani kidogo, kuna jambo moja zaidi. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeweka matamshi maalumu ya tarakimu kwa marubani wote duniani, ili redio mbovu na lafudhi nyingi zisilete maafa. Tarakimu tatu, ambayo kamusi inataka ianze kwa "th", marubani wameagizwa waitamke kama "tree", kwa "t". Matamshi ambayo mtoto wa kijijini hukosolewa nayo darasani ndiyo yanayotakiwa kwa rubani aliyebeba abiria mia tatu. Usahihi wa sauti hupimwa kwa kueleweka, na kueleweka hutegemea nani anamsikiliza nani, wapi, na kwa kazi gani.

Mwanafunzi anayeanza hahitaji maabara. Anahitaji kinywa chake, kipande cha karatasi na simu. Weka kidole gumba chini ya kidevu, useme "bed", kitanda, kisha "bad", mbaya. Katika neno la pili taya lazima lishuke na kukisukuma kidole. Lisiposhuka, bado unatumia "e" moja kwa maneno mawili. Shika karatasi nyembamba mbele ya midomo, useme "pin" kisha "bin". Kwa "p" ya Kiingereza karatasi hupeperuka. Kwa "b" hutulia. Sema "seat" kwa mdomo wa kutabasamu na ulimi uliokaza, kisha "sit" kwa kulegeza ulimi na kufupisha. Jirekodi, usikilize kesho yake, na umpe mwenzako asikilize bila kumwambia ulikusudia lipi. Akikisia sawa mara nyingi kuliko kukosea, unaendelea vizuri. Wanaisimu huita maneno kama haya jozi za mlinganuo finyu: yanatofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hiyo inapobadili maana tunaiita fonimu. Ukiweza kukusanya jozi hizo, umeshaanza fonolojia.

Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, fanya kazi hiyo hiyo katika lugha yako. Usidhani Kikuria ni cha kuota moto tu. W. H. Whiteley, aliyekuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa Kiswahili, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1955 Chuo Kikuu cha London juu ya kitenzi cha Kikuria. Jelle Cammenga wa Uholanzi akaandika kitabu cha fonolojia na mofolojia yake. Leonard Chacha Mwita aliipeleka toni ya kitenzi cha Kikuria, yaani kupanda na kushuka kwa sauti yake, hadi Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika tasnifu yake ya mwaka 2008. Kilichowavuta wataalamu ni jambo ambalo kila mkazi wa Ntimaru hulifanya bila kujua: toni ya juu ya kitenzi huanzia kwenye pigo la kwanza, la pili, la tatu au la nne la shina, kutegemea wakati na hali ya tendo. Sikio la Mkuria linahesabu hadi nne katikati ya mazungumzo. Ni nadra kupata lugha inayofanya hivyo.

Hata jina Igikuria, yaani Kikuria kwa Kikuria chenyewe, ni somo. Kiambishi kile ambacho kwa Kiswahili ni "ki" kimegeuka "gi" kwa sababu silabi inayofuata inaanza kwa "k". Kanuni hiyo ya sauti mbili zisizopenda kufanana imepewa jina la mmisionari Edmund Dahl, aliyeiona katika Kinyamwezi, nayo ndiyo inayofanya jirani zetu wa kati mwa Kenya waseme Gĩkũyũ. Mtoto anayeijua kanuni hiyo atashangaa kidogo tu atakapokutana na "s" za Kiingereza zinazogeuka "z" zikiwa mwishoni mwa "dogs" na kubaki "s" mwishoni mwa "cats". Atajua kwamba sauti jirani huathiriana kila mahali duniani, na kwamba hata nyumbani kwao zina sheria.

Kwa mwalimu wa Ntimaru, wa Kegonga, wa Mbita au wa Tarime, nina ombi moja. Utakapokuta "hat" mara nne katika daftari, au karamu mahali pa kalamu, usikimbilie wino mwekundu. Andika kando ya kosa namba ya ukoo wake: moja kama ni tahajia ya Waingereza, mbili kama ni sikio la nyumbani, tatu kama ni sarufi. Mwisho wa muhula zihesabu namba hizo. Utajua kama darasa lako linahitaji kamusi, linahitaji mazoezi ya kusikiliza, au linahitaji somo la nomino na kitenzi. Na mtoto atajua kwamba kosa lake lina asili, lina jina, na lina njia ya kutoka.